Nani Anamjibu Nani: Wimbo wa Mapenzi wa Watu Wawili, Ukisikilizwa Kutoka Uvira

Harusi ya Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ina saa yake moja ambayo haihitaji mtu kuitangaza. Ni saa ya maharusi kuingia ukumbini. Nje jenereta inaunguruma, kwa sababu umeme ulikatika tangu alasiri. Ndani viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, vijana waliovaa sare wamejipanga mistari miwili, na msafara, ambao huku tunauita kortege, unaanza kusogea: hatua mbili mbele, moja nyuma, hata mita kumi za ukumbi zikamaliza robo saa nzima. Wimbo unaopigwa hapo karibu kila mara ni wa mapenzi, na mara nyingi ni wa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Angalia kinachotokea sauti zikibadilishana. Ubeti wa mwanamume unapoimbwa, watu wanatazama tu. Sauti ya kike ikiingia, meza za akina mama kule nyuma zinaamka. Wanaimba. Wanamnyooshea bwana harusi vidole, utadhani wao ndio walioposwa.

Swali langu linatoka kwenye meza hizo. Kwa nini wimbo wa wawili una nguvu kiasi hiki, na kwa nini kati ya kolabo nyingi za mapenzi zinazotoka kila mwaka, chache tu ndizo zinazodumu mpaka zikaingia harusini na kukaa huko miaka?

Jibu la haraka, ambalo utalisikia kwa watangazaji na maprodyuza, ni hesabu ya sokoni. Msanii wa nchi hii ana mashabiki wake, wa nchi ile ana wake. Wakiimba pamoja, mashabiki wanajumlishwa. Hesabu hiyo si ya uongo. Mwaka 2019 Innoss'B, kijana wa Goma, aliurudia wimbo wake "Yope" akiwa na Diamond Platnumz wa Tanzania, Kilingala kikakutana na Kiswahili, na video yake ikatazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Hakuna kijana wa Uvira asiyeujua. Lakini "Yope" ni wimbo wa kucheza. Kazi yake ni kuinua watu vitini, na hapo majina mawili makubwa yanatosha kabisa. Wimbo wa mapenzi unadaiwa kitu kingine. Kama kujumlisha mashabiki kungetosha, kila kolabo ya mapenzi yenye majina mawili ingedumu, na sote tunajua nyingi zinazimika kabla msimu haujaisha. Zinasikika kama watu wawili waliopangishwa nyumba moja: kila mmoja chumba chake, kila mmoja ufunguo wake.

Mimi nashikilia kwamba wimbo wa wawili unafaulu pale sauti ya pili inapojibu kweli. Si kuitikia. Kujibu. Na ukitaka kuliona hilo kwa karibu, wimbo wa kuanza nao haukutoka mbali na ziwa letu, Tanganyika.

Ni "Nitafanya", wa Kidum na Lady Jaydee, uliotoka karibu na mwaka 2010. Kidum, jina lake Jean-Pierre Nimbona, alizaliwa Bujumbura mwaka 1974. Kwa sisi wa Uvira huyo ni mtoto wa jirani: kutoka hapa hadi Bujumbura kwa barabara hakufiki kilomita 30, unapita mpaka wa Kavimvira, unaingia Gatumba, umefika, na usiku usio na ukungu taa za mji ule zinaonekana ng'ambo ya maji. Alianza na ngoma na dramu kabla ya kuwa mwimbaji. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na vita kuenea Burundi, aliondoka, na katikati ya miaka ya 1990 akawa Nairobi, mgeni miongoni mwa wageni wengi, akiishi kwa kupiga muziki na bendi. Mwaka 2001 wimbo wake "Yaramenje", wa Kirundi, ulimtambulisha kwa watu wake. Lakini kilichomfungulia Afrika Mashariki yote ni Kiswahili chake, na Kiswahili hicho hakukisomea darasani Nairobi. Bujumbura ina mtaa wa Buyenzi ambao umekuwa wa Kiswahili kwa vizazi vingi, na lugha hiyo ililifikia ziwa hili pamoja na misafara kabla ya wakoloni. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walifika wakiongozwa na watu wasemao Kiswahili.

Lady Jaydee, Judith Wambura, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1979, hakuwa msichana wa kupambwa pembeni ya mgeni. Tangu albamu yake "Machozi" ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa sauti ya kike inayoheshimiwa kuliko zote katika Bongo Fleva, na alikuwa na bendi yake mwenyewe. Kwa hiyo waliokutana ni watu wawili waliolingana uzito, kila mmoja amezoea jukwaa la muziki wa moja kwa moja. Nitarudi kwenye hilo la uzito, kwa sababu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana.

Wimbo huo haukuwa peke yake. Katika miaka hiyo hiyo ya kuelekea 2010 Kidum aliimba "Haturudi Nyuma" na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Na Juliana, kabla ya hapo, alikuwa ameimba "Usiende Mbali" na Bushoke wa Tanzania. Weka majina haya matatu mezani, uyasome polepole: Usiende Mbali. Haturudi Nyuma. Nitafanya.

Yote matatu ni vitenzi. Hakuna ua, hakuna malaika, hakuna jina la msichana. Na kila kitenzi kina nafsi yake. Katika "usiende" mtu anamwambia mwenzake: wewe. Katika "haturudi" wawili wamekwisha kuwa kitu kimoja: sisi. Katika "nitafanya" kila mmoja anasimama peke yake na kujifunga: mimi. Mazungumzo yote ya mapenzi yamo katika viambishi hivyo vitatu, u, tu, ni, na sidhani kama yeyote kati ya watunzi hao alikaa chini akayapanga kisarufi. Yalitoka hivyo kwa sababu Kiswahili kinabeba mtu, wakati na tendo ndani ya neno moja, na mtunzi mzuri wa wimbo mwepesi ni yule anayeliachia neno moja lifanye kazi ya sentensi.

Hebu tulikaribie zaidi hilo la tatu. Ni-ta-fanya. Linaweza kutamkwa na mwanamume, linaweza kutamkwa na mwanamke, na hakuna herufi itakayobadilika. Mtoto wa Uvira anayesoma Kifaransa shuleni anaijua tofauti: mwanamume atasema yuko "prêt", mwanamke atasema "prête", na kiitikio kilichotungwa kwa kinywa cha kiume hakimkai mwanamke mpaka kishonwe upya. Kwetu "mpenzi" ni mpenzi, "wangu" ni wangu. Kiitikio kile kile kinatolewa na mmoja, kinapokewa na mwingine, na kinaporudi kimebeba maana mpya ingawa maneno ni yale yale. Mwanamume akisema atafanya, anaahidi. Mwanamke akisema neno lile lile baada yake, amemjibu, na papo hapo amemfunga, kwa sababu sasa wote wawili wanadaiwa.

Kusema haki, hili si la Kiswahili peke yake. Kilingala, Kirundi, Kifuliiru, Kibembe, zote hazitenganishi mume na mke katika kitenzi. Ila Mfuliiru akimpenda Mbembe, au kijana wa Uvira akimpenda binti wa Bujumbura, wanatongozana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Huku kwetu hiyo ndiyo lugha ya mapenzi kati ya watu ambao hawakulelewa boma moja, na ndiyo lugha ambayo ukweni itatumika mahari ikizungumzwa. Halafu "nitafanya" ni neno lisilo na lafudhi. Sisi tunasema "niko na" pale Mtanzania anaposema "nina", wengi wetu tunasema "batu" badala ya "watu", na nyimbo nyingi za Dar es Salaam zina misemo ya mitaani ambayo inatupita. Hapa hakuna cha kutupita. Neno ni lile lile kutoka Kalemie hadi Mombasa.

Tuje kwenye sauti zenyewe, maana maneno mazuri yamezikwa mara nyingi na studio mbovu.

Sauti ya kuimba ya mwanamke kwa kawaida iko juu ya ile ya mwanamume, lakini si kwa oktavu nzima. Hilo linamtia prodyuza taabuni. Akichagua kimo kinachomfaa mwanamume, mwanamke anabaki na njia mbili: aimbe noti zile zile oktavu moja juu, ambako mara nyingi zitamlazimu kupiga kelele, au azishukie chini, ambako sauti inaishiwa pumzi. Kolabo nyingi zinaharibikia hapa. Prodyuza anapokea ubeti wa mwanamke umetumwa kutoka nchi nyingine, anaubandika juu ya mdundo ambao ulikwisha kupangwa kwa ajili ya mwanamume, na msikilizaji, bila kujua jina la kosa, anasikia kwamba hawa wawili hawakuwa chumba kimoja. Fundi anayeijua kazi anatafuta eneo la katikati: juu kwa mwanamume, chini kwa mwanamke. Huko sauti mbili zinakutana kwenye noti zile zile hasa, na kinatokea kitu ambacho hakuna maneno yanayoweza kukiandika. Mwanamume akiwa juu, kifua kinamvuta, anasikika anaomba. Mwanamke akiwa chini, anasikika ametulia, amekwisha kulifikiria jambo. Wanaimba kitu kimoja, lakini mmoja ni mwombaji na mwingine ni mwenye kuamua. Kidum anasukuma sauti kutoka kifuani, kama mtu aliyezoea kushindana na dramu. Lady Jaydee hana haraka. Nikiwasikiliza, naona nusu ya wimbo imo katika tofauti hiyo ya haraka.

Nilisema nitarudi kwenye uzito. Muziki wa Kongo umekuwa na wawili wake mashuhuri tangu zamani, na mashuhuri kuliko wote ni Tabu Ley Rochereau na Mbilia Bel, katika bendi ya Afrisa International ya miaka ya 1980. Mama zetu walizipokea nyimbo zao wakati Lingala ya Kinshasa ilipotawala kila redio ya Kivu, na waliwapenda kwa sababu walikuwa mume na mke, ukiwaona jukwaani umeona nyumba. Lakini nyingi ya nyimbo ambazo Mbilia Bel alizifanya kuwa zake, mtunzi alikuwa Tabu Ley. Mwanamke aliimba kwa sauti ambayo hakuna wa kuifikia, na maneno ya uchungu wa kike yalikuwa yameandikwa na mwanamume. Silisemi hili kumpunguzia Tabu Ley heshima. Alikuwa mtunzi mkubwa, na alizisikiliza shida za wanawake kuliko wenzake wengi. Nasema tu kwamba jibu lililoandikwa na muulizaji si jibu kamili.

Bongo Fleva ilileta desturi nyingine, pengine kwa sababu ilikulia pamoja na rap: msanii anayealikwa huja na ubeti wake. Mwenyeji anampa mdundo na kiitikio, mgeni anaandika lililo lake. Ni desturi ya kazi tu, ya kuokoa muda na kulinda heshima ya kila mmoja, na bado imebadili wimbo wa mapenzi kuliko nadharia yoyote ya usawa. Kwa mara ya kwanza katika muziki wetu wa kisasa mwanamke anayejibu anaweza kusema lisilotazamiwa. Anaweza kukubali kwa masharti. Anaweza kukumbusha ya jana. Washairi wa pwani wanaijua nguvu hii tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa: shairi la kujibizana lina utamu kwa sababu aliyeanza hajui atajibiwa nini. Msikilizaji naye analihisi hilo. Ndiyo maana wale akina mama wa meza za nyuma wanaamka. Sauti ya kike ikiingia, jambo lililokuwa maombi limegeuka mashauri, na wao wana la kusema.

Kuna jambo jingine kuhusu Kidum na wenzake wa kike. Hawakuwa wapenzi. Wawili wengine maarufu wa Kiswahili walikuwa wapenzi kweli: Jux na Vanessa Mdee walipotoa "Juu" mwaka 2017, mashabiki walisikiliza wimbo huku wakichungulia nyumba. Nandy na Bill Nass, waliooana mwaka 2022, vivyo hivyo. Penzi la kweli linauza wimbo haraka sana, maana kila gazeti la udaku ni tangazo lake. Lakini wimbo wa namna hiyo una wenyewe. Jux na Vanessa walipoachana, wimbo wao uligeuka picha ya zamani ya watu wale wawili, na bibi harusi mwenye busara anafikiri mara mbili kabla ya kuingia nao ukumbini. "Nitafanya" haina historia ya kumtia mtu wasiwasi. Nafasi zote mbili ziko wazi, yeyote anaweza kukaa. Nadhani hii ni sababu kubwa ya kudumu kwake, kubwa kuliko majina.

Sasa tuulete wimbo wenyewe Uvira, maana haukuja kwa sababu kampuni fulani ilitupangia. Uvira haimo katika mpango wa soko wa mtu yeyote. Wimbo ulikuja kama mchele na vitenge vinavyokuja. Wafanyabiashara wetu walikuwa wakienda Soko Kuu la Bujumbura, mpaka lilipoteketea kwa moto Januari 2013, na kwenye mifuko yao mlikuwa na CD zilizonakiliwa kienyeji. Teksi za Kavimvira zilipiga kilichopigwa na redio za Bujumbura, maana mawimbi hayasimami mpakani. Baadaye zikaja memori kadi: unampelekea kijana mwenye kompyuta kadi yako, unamlipa kidogo, anakujazia nyimbo mia za mapenzi bila kuuliza mtunzi ni nani. Redio za mji wenyewe, kama Radio Le Messager du Peuple, zikawa na vipindi vya salamu ambamo mtu anatuma jina la ampendaye pamoja na wimbo.

Na kulikuwa na njia ya kusini, ya maji. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilizivusha familia nyingi za Uvira na Fizi hadi Kigoma, Tanzania, na mwaka huo huo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kizazi kizima kilikulia huko na Kiswahili cha Tanzania masikioni. Kuanzia mwaka 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, vijana walishuka na magodoro, masufuria, na Bongo Fleva kichwani. Mtu anayeshangaa kwa nini pwani hii ya ziwa inaimba Kiswahili cha Dar es Salaam kwa ufasaha kuliko Kilingala cha mji mkuu wake, jibu liko kwenye meli zile. Kwa hiyo Mrundi aliyekimbilia Nairobi alikuwa akiwaimbia Wakongo waliokimbilia Kigoma. Walikutana ndani ya wimbo, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Hapa ndipo ninapoona sababu ya ndani zaidi. Huku kwetu wapenzi wengi hawako pamoja. Mume yuko Misisi au Kamituga anachimba dhahabu, na mtandao unapatikana akipanda kilima. Mke yuko Uvira na watoto, anabipu, anasubiri apigiwe. Mchumba amebaki kambini, amepewa tarehe ya kusafirishwa nchi ya mbali, tarehe imeahirishwa. Mvuvi yuko majini usiku kucha na taa zake za kuvutia ndagala. Watu wa namna hii wanaishi ndani ya maswali yasiyojibiwa: Umefika? Umekula? Bado unanikumbuka? Sauti iliyorekodiwa inatumwa asubuhi kwa WhatsApp, jibu linakuja keshokutwa, au haliji. Wimbo wa wawili unawapa kwa dakika nne kitu ambacho maisha yanawanyima, nacho ni swali na jibu lake katika pumzi moja. Wimbo wa mtu mmoja, hata uwe mzuri namna gani, unafanana sana na hali yao. Ni mtu anayesema peke yake. Ndiyo maana nasema suala la kujibu si pambo la kisanaa. Hapa ni hitaji.

Na hitaji hilo halijapungua. Februari 2025, Bukavu, makao makuu ya mkoa wetu, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na maelfu kwa maelfu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Desemba mwaka huo huo M23 wakafika Uvira yenyewe, na safari hii wenyeji wa Uvira ndio waliovuka. Kuna wachumba ambao mahari yao ilikuwa imekwisha kuanza kutolewa, na sasa mto uko kati yao. Sitaki kuufanya wimbo wa mapenzi kuwa dawa ya vita, hauwezi. Ninachosema ni kwamba anayeuita wimbo mwepesi hajawahi kuusikiliza akiwa na mtu ng'ambo.

Tuseme kidogo kuhusu pesa, kwa sababu mafanikio yana upande huo pia, na upande huo ni mkavu. CD ya kunakili na memori kadi havikumlipa mtu. Miito ya simu iliwaingizia wasanii wa Kenya na Tanzania kitu. Kwa soko letu, karibu hakuna. Kipato cha wimbo wa mapenzi kiko jukwaani: harusi, sherehe za makampuni, usiku wa wapendanao. Hapo wimbo wa wawili unaleta tatizo ambalo wimbo wa mmoja hauna. Mwenzako yuko nchi nyingine. Kumlipia ndege kila harusi haiwezekani. Basi mwitikiaji wa bendi anapewa ubeti wa kike, au mwimbaji anageuza kipaza sauti kuelekea kwa watu. Na huo ndio mtihani wa kweli wa wimbo. Wanawake wakiuimba ubeti wote bila kukosea, umefaulu, hata kama haukushinda tuzo yoyote.

Vijana wa Uvira nao wanarekodi, na wengi wanarekodi mapenzi. Kuna studio Mulongwe, kuna studio Kalundu, chumba kimoja kilichofunikwa magodoro ukutani ili kisirudishe mwangwi, kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na betri ya akiba. Vifaa vichache si udhuru mkubwa kama tunavyoambizana. Nyimbo nyingi zilizoshika Afrika Mashariki zilitoka vyumba vya namna hiyo. Ninachokisikia katika kazi nyingi za wawili zinazotoka kwetu ni makosa mawili ambayo hayahitaji fedha kurekebishwa. La kwanza: msichana anaitwa mwishoni. Wimbo umekwisha, mdundo umekwisha, kimo kimechaguliwa kwa ajili ya kijana, halafu binti anayeimba vizuri kwaya ya kanisani anaombwa aje "kuongezea sauti". Maneno ameandikiwa. Anaimba kwamba anapenda, anapenda, anapenda, na wimbo unaisha. La pili: wanauficha Kiswahili cha kwao. Wanabana ulimi ili wasikike kama wa Dar es Salaam, na katika kubana huko ukweli unatoka. Binti wa mtaa wa Kasenga hamwambii mchumba wake maneno yale. Ana yake, na ni matamu.

Basi neno langu ni kwa ninyi mnaorekodi. Mwite msichana siku ya kwanza, kabla ya mdundo. Tafuteni kimo pamoja, kwa gitaa au kwa kupiga makofi, mpaka sauti zote mbili zipate mahali pa kukaa. Mpe karatasi tupu aandike ubeti wake, na usiusome mpaka aimbe. Akikukatalia ndani ya ubeti huo, acha akukatalie. Na mkimaliza, kabla faili halijatoka kwenye kompyuta kwenda kwa simu ya kwanza, andikeni majina yote mawili kama watunzi, muyapeleke SOCODA, jumuiya ya haki za watunzi ya nchi yetu, hata kama leo hamtegemei faranga moja kutoka huko. Watangazaji, mkiupiga, tajeni majina yote mawili, na la msichana lianze.